Kilo Mbili

Tarehe kumi na tatu Desemba, usiku,
Mideva aliweka daftari mezani
na penseli juu yake, kama kisu juu ya nyama.
"Kaa," akasema. Nikakaa.
Chumba chetu cha Kondele hakina pa kukimbilia.

Alianza na yangu.
Shati jipya: limefutwa.
Mbuzi niliyewaahidi ndugu zangu kwenye simu,
sauti juu, mafundi wenzangu wakisikia,
amefutwa pembe, kwato na kamba yake.
Mahali pake ameandikwa jogoo,
yule yule tunayemfuga chini ya ngazi,
asiyegharimu kitu ila usingizi wa majirani.

Nauli haina adabu mwezi huu.
Mia moja hamsini ya Novemba
imevaa kofia, inajiita mia nne.
Watu wanne, kwenda na kurudi:
Mideva akapiga hesabu kwa midomo
kama mtu anayesali,
kisha akaamua tuondoke tarehe kumi na nane,
kabla makondakta hawajalewa bei.

Nikasema, "Chavakali wananiita Bosi."
Akasema, "Na muuza maziwa hapa chini, yeye anakuitaje?"

Mimi kazi yangu kuchomelea mageti.
Wawili hawajanilipa. "Baada ya sikukuu, fundi,"
na geti la asiyelipa, sijui kwa nini,
hufunguka laini kuliko mengine yote.
Ningeweza kwenda Kibuye, nikope,
nishuke nyumbani na mifuko inayoning'inia,
niwe na mkono mrefu siku tatu
na shingo fupi miezi mitatu.
Nimewahi.
Mwaka juzi, Januari, Kisia alirudishwa kwa ajili ya karo,
sanduku kichwani, sare mpya,
na geti lililofungwa nyuma yake
nililichomelea mimi.

Kwa hiyo nilimwacha aendelee.
Karo, imezungushiwa duara mara mbili.
Unga wa ngano, pakiti nne. Mafuta.
Viatu vya Minayo, saizi moja zaidi,
avijaze pamba sasa, avikamilishe Agosti.
Sadaka, na hapo hakuinua macho.

Chini kabisa, karibu na ukingo wa karatasi:
*Sukari ya mama, kilo mbili, 320.*

Mama tulimzika Aprili.
Mvua ilinyesha hadi udongo ukagoma kutoka kwenye majembe.

Na mimi, Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi.
Nimemkamata! Hesabu yake ina tundu,
na kwenye tundu hilo nusu ya shati langu inapita.
"Hapa umesahau," nikasema.

"Sijasahau.
Kila mwaka naanza na mstari huo,
mengine yote yanapangwa kuuzunguka.
Nimeufuta mara mbili wiki hii.
Nikishafuta, hesabu haikai."
Akakuna shavu kwa ncha ya penseli.
"Tutampelekea Imali.
Ni nani aliyekuwa akimgeuza mama kitandani
sisi tukiwa huku tunangoja mwisho wa mwezi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu ya wino,
ile ninayoandikia vipimo vya milango.
Pale kwenye neno *mama* karatasi ilikuwa imekwanguka,
nyembamba, karibu kutoboka.
Nikapita juu ya herufi zake nne
polepole, kama ninavyofuata ufa kwenye bati,
ili raba isiziweze tena.

Mideva hakusema kitu.
Akafunga daftari, akaliweka chini ya mto.
Chini ya ngazi jogoo akawika, saa nne za usiku,
kama aliyesikia jina lake likisomwa,
na jirani akagonga ukuta.